Risasi Zilizofukizwa

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Upepo wa baridi ulikuwa umeingia kutoka kusini tangu jana yake, mbingu ilikuwa ya kijivu, na mto ulikuwa umepungua hadi magogo ya chini yakaanza kuonekana. Marilza alikuwa jikoni akikaanga unga wa muhogo alipomwona baba mkwe wake akitoka msituni na bunduki begani. Mgongoni hakubeba kitu.

Mzee Aldenor alipanda ngazi ya nyumba, akavua buti, akaketi. Hakusalimu. Alitia mkono mfukoni, akatoa risasi moja ya shaba, akaiweka mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayeweka kitu kilichooza.

"Imebofya tu," akasema. "Ta! Halafu kimya. Paa akanitazama, akamaliza kutafuna, akaenda zake bila haraka."

"Hakukuaga?" aliuliza Edivan, mwanawe, aliyekuwa akinoa kisu cha kugemea mpira.

"Nyamaza wewe. Utakula kisu hicho leo mchana."

Nazira, mke wa Aldenor, hakucheka. Alilitazama tumbo la Marilza. Siku hizi watu wote wa nyumba ile walikuwa wamezoea kulitazama, na Marilza alikuwa amezoea kugeuka upande akiwa na shughuli.

Mwindaji aliyeacha kupata windo huitwa panema kando ya mito ile ya jimbo la Acre, na hakuna asiyejua nuksi hiyo inatoka wapi. Labda mifupa ilitupwa chooni. Labda jirani alinyimwa fungu lake. Au mwanamke mja mzito alikula windo la mtu kabla mwenyewe hajalionja. Marilza alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza, na mwishoni mwa mvua alikuwa ameonja mchuzi wa nguruwe mwitu ili ajue kama chumvi imetosha. Alionja kijiko kimoja. Aldenor alikuwa bado mtoni akioga. Tangu siku hiyo Aldenor hakuleta nyama nyumbani, na bunduki ya nyumba ilikuwa hiyo moja, haikushikwa na mwingine.

"Jumatatu," akasema Nazira, bila ukali. "Mzee Firmino amesema mtumbwi wake uko tayari. Utakaa kwa mama yako mpaka ujifungue, mwanangu. Halafu utarudi."

"Mama, wewe ndiye mkunga. Kule kwetu hakuna mkunga."

"Kuna wanawake."

"Kuna mama yangu, naye akiona damu huanguka. Na mto wenyewe si huu hapa? Mtumbwi utaburutwa juu ya magogo, na mimi ndani yake."

Mikono ya Nazira ilikuwa imepokea watoto wengi wa mto ule, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba Marilza anasema kweli. Lakini chungu kilikuwa kitupu, na mumewe alikuwa amekonda zaidi kwa aibu kuliko kwa njaa. Pembeni mwa ukuta, machela ya kulalia ya Marilza ilikuwa imekwisha kufungwa kwa kamba, tayari kwa safari.

Marilza alijua jambo jingine ambalo halikusemwa. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa sababu ya nuksi hurudi na jina. Jina hilo halifutiki kwa kuzaa. Kila mwindaji wa mto ule angemficha nyama yake, na mtoto angekua akisikia habari hiyo.

Alizima moto chini ya kikaango.

"Baba, naomba hiyo risasi iliyokufa."

"Ya nini?"

"Niifungue."

Aldenor alicheka kicheko kikavu. "Unaogopa itazidi kufa? Chukua."

Marilza aliichukua, akaenda nayo nje kwenye ukingo wa varanda, mbali na moto. Kazi hiyo hakujifunza jana. Baba yake hakuzaa mtoto wa kiume, kwa hiyo tangu udogoni yeye ndiye aliyemjazia risasi. Ganda la shaba hutumika tena na tena, miaka na miaka, kinachobadilika ni vilivyomo. Chini kabisa, kitakoni, huwekwa fataki, kikofia kidogo kinachogongwa na bunduki na kutoa cheche. Juu yake hutiwa baruti. Juu ya baruti hushindiliwa kizibo kinene cha nyuzi za gome. Kisha huja marisau, zile punje za risasi zinazoua, kisha kizibo chembamba, na mwisho mdomo hufungwa kwa nta ya nyuki. Kila kitu kina mahali pake na kila kitu lazima kikaze. Kizibo kikilegea, nguvu ya baruti hupita pembeni na marisau huenda kama mvua ya rasharasha.

Alichokonoa nta kwa ncha ya kisu. Nta haikuwa mahali pake. Ilikuwa imeyeyuka, ikateremka na kugandisha marisau yakawa bonge moja. Kizibo kinene, ambacho kingepaswa kumtoa jasho, kilitoka kwa ukucha. Baruti haikumwagika. Ilidondoka kwa mabonge, kama sukari iliyoachwa karibu na chungu kinachochemka. Aliinusa.

"Edivan," akaita. "Njoo unuse."

Edivan aliinama, akavuta pumzi, akapiga chafya.

"Pilipili," akasema.

"Baruti ya duka gani inanuka pilipili?"

Edivan aliitazama baruti, kisha akamtazama mkewe. Hakuwa mtu mzito wa kuelewa. Alikuwa mzito wa kumpinga baba yake tu.

"Usiseme neno," alinong'ona. "Mzee Firmino atakuja saa ya kahawa. Sema akiwepo."

Firmino hakukosa. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kofia ya majani na pua iliyojua nyumba gani ina kahawa motoni. Ndiye baba wa ubatizo wa Edivan, kwa hiyo yeye na Aldenor waliitana kumpadre, naye Nazira alimwita kumadre, na ndiye aliyekuwa akiondoa nuksi za wawindaji wa mto ule. Aldenor alipomkosa paa kwa mara ya kwanza, Firmino alimfukiza yeye. Alipokosa tena, Firmino aliifukiza bunduki, kisha mbwa. Mwisho alizifukiza risasi. Alizipanga kwenye ungo, akauweka ungo juu ya chungu cha pilipili, majani mabichi na kiota cha nyigu, akavifunika vyote kwa blanketi mpaka mvuke ukatoka pande zote. Na kila Aldenor alipokosa, zilifukizwa upya.

Marilza alimwekea kikombe, na pembeni ya kikombe akaweka sahani yenye baruti iliyoganda.

"Hii ni nini, binti? Mbona umenipa kahawa na matope?"

"Ni baruti, Mzee Firmino. Imetoka kwenye risasi ya Baba. Imelowa. Nta imeyeyuka na kizibo kimelegea. Ni mvuke wako."

Firmino aliweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Kumpadre," alimwambia Aldenor, "umesikia? Nimeondoa nuksi za watu kabla baba yake huyu hajaota meno."

"Nimesikia."

"Nuksi haina mlango maalumu. Huingia panapoingilika. Leo imeingia kwenye baruti, basi!"

"Basi iliingia pamoja na pilipili yako," akasema Marilza.

Edivan alikohoa ndani ya kikombe chake. Nazira alimtazama mkwewe kwa macho makali, lakini aliivuta ile sahani karibu, naye pia akainusa.

"Inanuka kweli, kumpadre," akasema.

"Kumadre, na wewe!"

Marilza alihisi kwamba akinyamaza sasa, mazungumzo yatageuka kuwa utani na Jumatatu itafika. Alimgeukia baba mkwe wake.

"Baba, kwenye kopo lako kuna baruti ambayo haijafunguliwa. Nipe maganda niyajaze mimi, kwa mikono yangu hii. Yasifukizwe. Kama nuksi iko kwangu, risasi hizo zitakufa zote, na Jumatatu nitaingia mtumbwini bila neno. Kama zitalia, naomba mniache nizalie hapa."

"Tupige ubao tu hapo nje tuone," akasema Edivan.

"Ubao si nyama," akasema Aldenor. "Nuksi haina habari na ubao." Alikuna ndevu zake. "Tutakwenda msituni kesho alfajiri, tuvizie paa kwenye maotea. Mimi na yeye."

Firmino aliinuka nusu. "Mja mzito! Kwenye maotea! Kumpadre, unataka kukosa mpaka kaburini?"

"Kama nuksi imekwisha kuniingia, ataniongezea nini? Kaa chini, kahawa inapoa."

Firmino akakaa, kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa kweli.

Mchana huo Marilza alijaza risasi varandani. Aldenor alileta kila kitu mwenyewe: maganda, kopo la baruti, boksi la fataki, mchi wa mti wa kushindilia, na makopo ya marisau. Kopo moja lilikuwa na marisau madogo kama mtama, ya ndege. La pili lilikuwa na makubwa kama choroko, ya paa. Ndani ya chupa ya dawa kulikuwa na kipande kimoja kikubwa cha mviringo, alichokitunza kwa ajili ya chui.

"Nitie yapi, Baba?"

Aldenor alichukua kopo, akatumbukiza vidole, akasugua punje moja. "Haya."

Marilza alichungulia. Yalikuwa makubwa, ndiyo yaliyotakiwa. Aliona tu kwamba mzee hakuyatazama.

Alishindilia kizibo cha kwanza mpaka mkono ukauma, huku mtoto akimpiga teke la ubavuni kwa kila pigo la mchi. Jambo moja lilimrudia akilini.

"Baba, ile risasi ya kiwandani aliyokupa binamu yako wa mjini. Ile nyekundu, ya plastiki. Nayo ilifukizwa?"

"Ilifukizwa."

"Lakini mdomo wake umekunjwa na mashine, mvuke hauingii. Ililia?"

"Ililia."

"Kwa nguvu?"

"Bega liliuma mpaka kesho yake."

"Ikapata?"

Mzee aliinuka, akasema anakwenda kuwaangalia mbwa. Mbwa walikuwa wamelala chini ya miguu yake.

Jumapili walitoka kabla jua halijachomoza. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba pumzi zao zilionekana. Walivuka shamba la muhogo na kuingia msituni kwa njia nyembamba, Aldenor mbele, Marilza nyuma akiwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja. Aldenor alitembea kwa uhakika, kwa maana njia ile aliijua kwa miguu. Walifika kwenye mti uliokuwa ukiangusha matunda, wakaketi nyuma ya gogo. Aldenor alitia risasi ya mkwewe mtutuni na kufunga bunduki polepole isilie.

Walingoja. Mwanga uliingia kidogo kidogo. Marilza alisikia jani likivunjika, kisha akamwona: paa mwekundu, mnene, ametoka upande wa kulia na kuinamisha kichwa kwenye matunda. Hakuwa mbali. Hata mtoto angeweza kumrushia embe akampata.

Aldenor aliinua bunduki. Alisubiri. Mtutu ulitangatanga, ukaenda kushoto, ukatulia. Marilza aliufuata kwa macho mpaka ulipoelekea, akaona shina la mti. Shina tu, la rangi nyekundu nyekundu, lililosimama peke yake kwenye mwanga hafifu.

Alitaka kusema. Alikuwa hajafungua mdomo bunduki ilipolia.

Mlio ulikuwa mnene na mkavu, na ulijaza msitu wote. Ndege waliruka. Paa aliruka pia, akapotea kwenye majani akiwa mzima kabisa. Moshi wa baruti ulining'inia mbele yao bila kuondoka, na masikio ya Marilza yakawa yanapiga kengele.

Aldenor aliinuka, akaliendea lile shina. Alipapasa gome kwa kiganja mpaka akayapata matundu. Yalikuwa yamekaa pamoja, mengi na ya ndani, na yote yangetosha ndani ya sahani.

"Kizibo kilikaza," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Risasi ni nzima."

"Ndiyo."

Alibaki na mkono juu ya mti. "Paa alikuwa wapi?"

Marilza alimwonyesha. Aldenor aligeuza kichwa chote, kama kuku, ili atazame kwa jicho la kushoto.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu mvua. La kulia lina ukungu. Nikilifumba la kushoto nilenge, dunia yote inakuwa maziwa."

"Na nguruwe mwitu wa mwisho? Yule wa mchuzi?"

"Yule alinijia miguuni. Ningeweza kumpiga kwa fimbo."

Marilza aliketi juu ya gogo. Hakuiremba hasira yake. "Basi ulijua. Ulijua si mimi. Ukaacha machela yangu ifungwe."

"Mwanzoni sikujua. Firmino alipotaja nuksi, nilifurahi." Mzee alisema maneno hayo akilitazama shina. "Mwindaji mwenye nuksi hufukizwa, na watu hungoja apone. Mwindaji kipofu hupewa kiti karibu na kuku. Halafu risasi zikaanza kufa kweli, nami nikaamini kweli. Nikasema, basi, jicho nalo ni nuksi hiyo hiyo. Leo risasi imelia."

"Imelia."

"Utamwambia Nazira?"

"Hapana. Utamwambia wewe. Mimi nitasema kwamba risasi ililia, kwa sababu hilo ndilo tulilokwenda kuliona."

Aldenor alifungua bunduki, akatoa ganda tupu, bado lina joto, akampa alishike. Katika baridi ile lilikuwa kitu kizuri mkononi. Alitangulia, wakarudi. Njia nzima Marilza aliutazama mgongo wake, asijue mgongo huo umeamua nini. Mzee angeweza kusema maneno mawili tu, nuksi bado, na nani angembishia?

Firmino alikuwa varandani, chungu chake kikiwa tayari juu ya makaa. Nazira alisimama mlangoni. Edivan alishuka ngazi mbio, akamshika mkewe mkono.

"Tumesikia!" alisema Firmino. "Mlio wa kengele ya kanisa kabisa! Mmeona? Mvuke wangu umefanya kazi!"

"Nyama iko wapi?" aliuliza Nazira.

Firmino alimtazama Aldenor, akamtazama Marilza, akaanza kutikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Nilisema mimi. Mja mzito kwenye maotea."

"Kumpadre, zima moto huo," akasema Aldenor. "Risasi ya mkwe wangu ni nzuri kuliko zote nilizojaza mwaka huu. Imetoboa mti mpaka ndani. Aliyekosa ni mimi. Jicho langu la kulia limekufa nusu, na nimeficha. Siyo yeye. Siyo mchuzi. Wala siyo nuksi."

Aldenor aliendelea kusimama na bunduki mkononi, na kwa mara ya kwanza Marilza aliona jinsi anavyogeuza shingo kumtafuta mkewe.

"Ulimwaga kahawa yangu wiki iliyopita," alisema Nazira taratibu. "Ukasema paka. Hatuna paka."

"Hatuna."

"Na uliusalimia mti wa muhogo kwa jina langu," alisema Edivan.

"Usiongeze chumvi. Lilikuwa gunia la muhogo, na lilikuwa na kofia yako."

Nazira alianza kucheka kabla hajamaliza kukasirika, na vitu hivyo viwili vilimtoka pamoja, machozi na yote. Alimshika mumewe kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga, akalifungua jicho kwa vidole vyake vya ukunga.

"Mzee mpumbavu," akasema. "Mjini huwa wanaling'oa pazia hilo. Dada yangu walimtoa lake, sasa anatunga uzi kwenye sindano."

"Inauma?"

"Kuzaa kunauma. Ya macho siyajui."

Aldenor alimgeukia Marilza. Aliinua bunduki kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu, kisha akasita, akampa Edivan. Lakini maneno yake aliyaelekeza kwa mkwewe.

"Wewe utajaza. Mtu mwingine asiguse baruti ya nyumba hii. Na mjukuu wangu atazaliwa hapa, kwenye mikono ya huyu mama. Nimekukosea, mwanangu."

"Nimesikia, Baba," akasema Marilza. Hakusema kwamba yamekwisha, kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Alisema kilichokuwa kweli: "Nina njaa."

Hivi ndivyo kila mmoja alivyofanya baadaye. Nazira alifungua kamba za machela na kuitundika karibu na dirisha, kisha akaanza kuchemsha vitambaa vya uzazi, ingawa miezi ilikuwa bado. Edivan aliingia msituni jioni hiyo na risasi ya pili ya mkewe, akarudi na paa, na fungu la kwanza akalipeleka kwa jirani wa mbali zaidi. Firmino alikula fungu lake, akawaambia watu wa mto mzima kwamba nuksi ilitoka kwa mvuke wake, na hakuna aliyejisumbua kumbishia. Aldenor alikwenda mjini kwa daktari wa macho maji yaliporudi mtoni, akalalamika safari nzima. Marilza alizifungua risasi zote zilizofukizwa, akazika baruti iliyoharibika, akaosha maganda kwa majivu na kuyaanika. Yalipokauka, aliyajaza upya.